Mwenye Kutia Saini Ndiye Mwenye Kujibu

Kuna desturi moja katika elimu iliyo kongwe kuliko vyuo vikuu vyetu, nayo ni desturi ya kutaja umepokea kwa nani. Katika miji ya pwani yetu, mwanafunzi wa zamani aliyekaa mkekani mbele ya shehe wake hakuridhika kulisikia neno tu. Aliuliza limetoka kwa nani, na huyo naye alilipokea kwa nani, hata mlolongo ukafika kwenye asili yake. Pete moja ya mnyororo ikikosekana, neno lilitiliwa shaka. Wataalamu wa leo hufanya jambo hilo hilo kwa njia ya marejeo na tanbihi. Anayeandika kwamba dawa fulani inaponya, au kwamba udongo wa mahali fulani haufai kwa pamba, hana budi kuonyesha ameipata wapi habari hiyo, ili mwenye shaka aweze kwenda kuhakikisha mwenyewe.

Desturi hiyo sasa imo hatarini. Ndiyo maana leo tunapenda kuwaomba wasomaji wetu walifikirie jambo la akili bandia, au akili mnemba kama wengine wanavyoiita, na matumizi yake katika utafiti na katika uandishi wa kitaaluma. Si jambo la maprofesa peke yao. Mzazi anayeuza mahindi yake ili amlipie mwanawe karo ya chuo, mgonjwa anayemeza kidonge alichoandikiwa, na mkulima anayeshauriwa apande mbegu ipi, wote wanategemea ukweli wa maandishi ambayo huenda wasiyasome maishani mwao.

Tangu tarehe 30 Novemba 2022, kampuni ya Marekani iitwayo OpenAI ilipoifungulia dunia nzima programu yake ya ChatGPT, uandishi wa kutumia mashine umeenea kwa haraka isiyo na kifani. Yafaa tueleze kwa ufupi jinsi mashine hizi zinavyofanya kazi, kwa sababu wengi hudhani kwamba ndani yake mna maktaba kubwa ambamo majibu huchomolewa kama vitabu rafuni. Sivyo. Programu hizi zimelishwa maandishi mengi mno, na kutokana nayo zimejifunza neno gani huelekea kufuata neno gani. Ukiiuliza swali, mashine huliunda jibu kipande kwa kipande kwa kufuata uwezekano huo. Mara nyingi jibu huwa sahihi. Lakini pale isipokuwa na habari, aghalabu hainyamazi; huunda kitu kinachofanana na jibu. Ukiitaka ikutajie marejeo, inaweza kukuletea jina la mwandishi wa kweli, jina la jarida la kweli, mwaka na kurasa, na makala yenyewe isiwepo duniani. Ni kweli kwamba programu za siku hizi zinaweza kutafuta vyanzo katika intaneti, na hilo linasaidia. Hata hivyo, kuwapo kwa chanzo si sawa na chanzo hicho kusema lile kinachodaiwa kulisema.

Mifano ipo. Mwezi huo huo wa Novemba 2022, kampuni ya Meta ilitoa programu iitwayo Galactica, iliyofunzwa kwa makala, vitabu na maandishi mengine ya sayansi yapatayo milioni 48, ili iwe msaidizi wa wanasayansi. Siku tatu baadaye iliondolewa hadharani, baada ya wataalamu kuonyesha kwamba ilikuwa ikitunga mambo na kuyaeleza kwa sauti ya kitaalamu. Mwezi Juni 2023, hakimu wa mahakama moja ya New York aliwatoza mawakili faini ya dola 5,000 kwa kuleta mbele yake hukumu za kesi sita ambazo hazikuwahi kuamuliwa na mahakama yoyote. Zilitungwa na mashine, nao hawakuzihakiki. Mwezi Februari 2024, jarida la Frontiers in Cell and Developmental Biology lilichapa makala yenye picha zilizochorwa na mashine, mojawapo ikiwa ya panya mwenye viungo ambavyo hakuna panya anavyo, na kando yake maelezo ya herufi zisizo maneno ya lugha yoyote. Makala hiyo iliondolewa baada ya siku chache, lakini ilikuwa imekwisha pita mikononi mwa mhariri na wahakiki. Mwezi Machi 2024, makala nyingine katika jarida la kampuni kubwa ya uchapishaji ilionekana ikianza kwa maneno ya mashine yenyewe, ikimwambia aliyeituma kwamba utangulizi alioutaka ni huu hapa.

Tunaomba msomaji atue kidogo juu ya mfano huo wa mwisho. Haukuwa mstari uliojificha katikati ya majedwali. Ulikuwa mstari wa kwanza wa utangulizi, na makala ilikuwa na waandishi zaidi ya mmoja, ikapita kwa wahakiki, kwa mhariri na kwa mpiga chapa. Ikiwa mstari wa kwanza ulipita machoni pa watu wote hao, ni nani atakayetuhakikishia mstari wa mia?

Hata hivyo hatutaki kuitwika mashine dhambi ambayo si yake. Katika mwaka 2023 makala zaidi ya 10,000 zilifutwa na majarida ya dunia, na zaidi ya 8,000 kati ya hizo zilikuwa za majarida ya Hindawi, yaliyokuwa chini ya kampuni ya Wiley. Nyingi za makala hizo zilitungwa na wafanyabiashara wa makala za uongo kabla ChatGPT haijajulikana. Nasi pia tusijifanye hatujui mambo ya nyumbani. Kwa miaka mingi vijana wetu wenye shahada, hasa nchini Kenya, wamekuwa wakiandika insha na tasnifu kwa malipo kwa niaba ya wanafunzi wa Uingereza, Marekani na kwingineko. Biashara hiyo ilikua hata Uingereza ikatunga sheria mwaka 2022 ya kuipiga marufuku huko England, na mwaka 2024 ikatolewa filamu juu ya waandishi hao wa kivulini, ambamo Profesa Patricia Kingori wa Chuo Kikuu cha Oxford, mzaliwa wa Kenya, alikwenda kuwasikiliza. Vijana hao hawakukosa akili, walikosa kazi. Kwa hiyo udanganyifu ulikuwapo. Ilichofanya mashine ni kuupunguzia gharama, hata asiyeweza kumlipa mwandishi wa Nairobi sasa anaweza kudanganya bure.

Wala hatusemi kwamba chombo hiki hakina heri. Mwaka 2024 Tuzo ya Nobel ya kemia walipewa David Baker, Demis Hassabis na John Jumper. Na hao wawili wa mwisho waliipata kwa kazi ya AlphaFold, programu ya akili bandia inayokisia umbo la protini. Kufikia mwaka 2022 maumbo zaidi ya milioni 200 yalikuwa yamewekwa wazi kwa kila mtafiti bila malipo, awe wa Cambridge au wa Ifakara. Lakini na tuangalie ni kwa nini wanasayansi waliiamini programu hiyo. Hawakuiamini kwa kuwa ilisema kwa ufasaha. Katika mashindano ya mwaka 2020 makisio yake yalilinganishwa na maumbo yaliyopatikana maabarani kwa jasho la watu, nayo yakalingana. Ilipimwa, ndipo ikasadikiwa. Hiyo ndiyo njia ya elimu, na mashine haina njia nyingine ya mkato.

Ipo faida nyingine inayotuhusu sisi zaidi. Elimu ya dunia imeandikwa kwa sehemu kubwa kwa Kiingereza, na asiyezaliwa katika lugha hiyo hulipa ushuru mkubwa. Uchunguzi uliochapwa mwaka 2023 katika jarida la PLOS Biology, uliowahoji watafiti 908 wa mataifa manane, ulionyesha kwamba wasiozaliwa katika Kiingereza hutumia muda mwingi zaidi kusoma na kuandika, na kwamba makala zao hukataliwa kwa sababu ya lugha karibu mara mbili na nusu zaidi ya zile za wenzao. Mtaalamu wetu aliyekaa miezi shambani akihesabu wadudu wa mihogo, mwenye hesabu sahihi na hoja nzito, akiitumia mashine kumsahihishia sarufi ya Kiingereza, sisi hatuoni kosa lake. Wenzake wa Ulaya wana marafiki na wahariri wa kuwafanyia kazi hiyo. Kosa lingekuwa kuhesabiwa wadudu na mashine isiyofika shambani.

Hapo ndipo penye mpaka, nao si mgumu kuuona. Utafiti ni ushahidi. Mtafiti ni mtu anayesimama mbele ya wenzake na kusema: nilikwenda, niliona, nilipima, nilisoma, na nikikosea niulizeni mimi. Shahidi anaweza kusaidiwa kuyapanga maneno yake. Hawezi kumtuma mwingine akaone kwa niaba yake kisha yeye akaape. Mashine haijaenda popote, haijaona lolote, na siku ya kuulizwa haitafika. Haiwezi kuona haya, haiwezi kufukuzwa kazi, wala haiwezi kuomba radhi kwa moyo.

Wenye majarida makubwa walilifahamu hilo mapema. Mwezi Januari 2023 jarida la Nature lilitangaza kwamba programu ya namna hii haitakubaliwa kuandikwa kama mwandishi wa makala, na kwamba atakayeitumia hana budi kueleza. Mwezi Februari mwaka huo Kamati ya Maadili ya Uchapishaji, ijulikanayo kama COPE, ilisema vivyo hivyo, na mwezi Mei kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya tiba ikayaingiza masharti hayo katika miongozo yake. Sababu waliyoitoa wote ni moja: mwandishi ni yule anayeweza kubeba dhima. Mwezi Juni mwaka huo huo, taasisi za taifa za afya za Marekani ziliwakataza wahakiki wa maombi ya fedha za utafiti kuyatia maombi hayo katika mashine, kwa kuwa yaliyomo ni siri ya mwenye kuomba.

Masharti hayo tunayaunga mkono. Lakini kuna jambo linalofanywa kwa jina la kuyalinda, ambalo tunalipinga kwa nguvu zetu zote. Nalo ni kumhukumu mwanafunzi kwa kutumia mashine nyingine inayodai kutambua maandishi ya mashine. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walizijaribu programu saba za namna hiyo kwa insha 91 za mtihani wa Kiingereza wa TOEFL, zilizoandikwa na binadamu wasiozaliwa katika lugha hiyo. Kwa wastani, zaidi ya nusu ya insha hizo zilishutumiwa kwa uongo kuwa ni kazi ya mashine, ilhali insha za watoto wa shule za Marekani karibu zote zilipita salama. OpenAI yenyewe ilitoa chombo chake cha utambuzi mwezi Januari 2023, na ilipofika Julai ilikiondoa kwa kuwa hakikuwa na usahihi wa kutosha.

Sababu ya dhuluma hiyo yaeleweka. Vyombo hivyo huyatilia shaka maandishi yenye maneno ya kawaida na mpangilio unaotazamiwa. Naye kijana aliyejifunza Kiingereza darasani, huko Tabora au Kakamega, huandika kwa maneno machache aliyo na hakika nayo, na kwa sentensi zilizonyooka kama alivyofundishwa. Maana yake ni kwamba uangalifu wake ndio unaofanywa kuwa hatia yake. Ametoka kijijini, familia nzima imechanga, amekesha miaka mitatu, kisha anaambiwa kazi si yake kwa sababu chombo kimesema asilimia kadhaa. Akiuliza ushahidi uko wapi, anaonyeshwa namba. Sisi tunasema kwamba hiyo si haki, na kwamba chuo kinachofanya hivyo kinatenda kosa lile lile kinalomtuhumu mwanafunzi: kinakubali neno la mashine bila kulihakiki.

Ipo sababu nyingine inayotupasa sisi wa Afrika ya Mashariki tuwe macho kuliko wengine. Mashine hizi zimelishwa Kiingereza zaidi ya lugha nyingine yoyote, na mambo ya Ulaya na Marekani zaidi ya mambo yetu. Mahali penye maandishi mengi, hupata pa kushika. Mahali penye maandishi machache, hujaziliza. Basi mwanafunzi anayeuliza juu ya historia ya London huenda akapata majibu yanayokaribia ukweli. Anayeuliza juu ya kilimo cha wazee wake, au juu ya mitishamba ya wilaya yake, yumo katika hatari kubwa zaidi ya kupewa hadithi. Na hadithi hiyo ikiisha kuingia katika tasnifu, ikatajwa katika makala, itasomwa tena na mashine kama habari ya kweli juu yetu. Tutakuwa tumejiandikia historia ya uongo kwa mikono yetu wenyewe. Dawa yake ni kuandika: kuandika utafiti wa kweli, pia kwa Kiswahili, katika majarida kama vile Kiswahili na Mulika ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na kuwaunga mkono vijana wa Afrika walioungana katika juhudi ya Masakhane kuzijengea lugha zetu nyenzo za kompyuta.

Kwa hiyo tunatoa mwito ufuatao. Kwanza, kila chuo na kila jarida la kwetu litangaze kanuni iliyo wazi, kwa lugha ambayo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza ataielewa: waweza kusaidiwa na mashine, useme umesaidiwa wapi na kwa namna gani, na kila neno litakalobaki katika karatasi utalijibu wewe uliyetia saini. Kuficha ndiko kuwe kosa.

Pili, asihukumiwe mwanafunzi yeyote kwa neno la chombo cha utambuzi peke yake. Aitwe, aketishwe, aulizwe. Aonyeshe rasimu zake na daftari zake. Msimamizi achague marejeo matano katika tasnifu na kumwambia: niletee haya, unieleze yanasema nini. Aliyesoma hatahitaji nusu saa kujitetea. Asiyesoma hatahitaji dakika tano kujifunua. Njia ya mwongo ni fupi.

Tatu, maandishi ambayo hayajachapwa, mahojiano ya wanakijiji na kumbukumbu za wagonjwa zisitiwe katika mashine za kampuni za mbali bila idhini ya wenyewe. Mtu aliyemfungulia mtafiti mlango wake alimwamini yeye.

Nne, na hili linawahusu wakuu wa vyuo na serikali zetu. Msimamizi mmoja hawezi kuhakiki marejeo ya makumi ya tasnifu katika muhula mmoja huku maktaba yake haina fedha za kulipia majarida. Wala mhadhiri hatajali ubora iwapo anapandishwa cheo kwa kuhesabiwa makala na si kwa kusomwa makala. Kama twataka kazi chache zilizo za kweli, hatuna budi kuacha kutuza kazi nyingi zisizosomwa na mtu. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Sisi wa magazeti hatujitoi katika hukumu hii. Nasi tunaandika, nasi vyombo hivi vimetufikia mezani, na msomaji ana haki ya kutudai yale yale tunayowadai wasomi. Kosa likitokea katika safu hii, tutaulizwa sisi, na ni sharti tuwe na la kujibu.

Neno letu la mwisho ni kwa vijana walioko vyuoni. Wazee walisema kwamba akili nyingi huondoa maarifa, na hawakuwa wamekiona chombo hiki. Shahada mnayoitafuta si karatasi iliyopambwa maandishi. Ni ahadi kwamba siku moja, mgonjwa akiletwa usiku, au daraja likitaka kupimwa kabla ya masika, au mkulima akiuliza kwa nini mhogo wake unaoza, hapo pataitwa mtu anayejua. Siku hiyo huenda umeme umekatika, na anayengoja jibu atakuwa anakutazama wewe usoni. Someni, basi, kwa macho yenu wenyewe, na mliyoyapokea kwa wengine mseme mmeyapokea kwa nani.